Maswali ya Wasomaji: Je, Askari wa 1914 Walipanda Treni Wakicheka?

Katika toleo lililopita tulichapa picha ya stesheni moja ya Ulaya mwezi Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza: askari wamejaza madirisha ya behewa, kofia zimeinuliwa juu, na maua yamechomekwa kwenye mitutu ya bunduki. Picha hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yaliyokuwa chini yake, jambo ambalo mwandishi wa makala hayo, ambaye ni mimi, ameamua kulipokea kwa moyo mkunjufu. Nimechagua barua tano, na zote zinahusu jambo moja.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeitazama picha ile mara nyingi na bado sijaielewa. Watu wanakwenda kuuawa, nao wanacheka kama wanaokwenda arusini. Je, hawakujua waendako, au ni wapiga picha waliowapanga? — Msomaji wa Tanga

JIBU: Kicheko kilikuwapo, na wapiga picha hawakukizua. Ila tukikichukulia kuwa ndiyo hali ya moyo ya askari wa mwaka ule, tutakuwa tumepotoka, kwa sababu kilikuwa kicheko cha mahali na cha saa: kilizaliwa stesheni, mbele ya macho ya watu, na mara nyingi hakikudumu zaidi ya muda ambao treni ilisimama.

Tuanze na Ufaransa, ambako kumbukumbu ni nyingi. Jumamosi ya tarehe 1 Agosti 1914, alasiri, kengele za makanisa zililia mfululizo vijijini, kwa mlio uleule uliotumika kuwaita watu kuzima moto, na wakulima waliokuwa mashambani katika msimu wa mavuno walirudi mbio wakidhani kuna nyumba inayoungua. Walichokikuta ni tangazo lililobandikwa ukutani, likiwaita askari wote wa akiba kuanzia kesho yake. Baadaye Waziri wa Elimu, Albert Sarraut, aliwaomba walimu wa shule waandike yale waliyoyaona katika maeneo yao, na miaka mingi baada ya hapo mwanahistoria Jean-Jacques Becker alizifungua kumbukumbu hizo na kuyapima maneno ya walimu moja baada ya jingine. Katika mkoa wa Charente, zaidi ya nusu ya maneno yaliyoeleza jinsi habari ilivyopokewa yalikuwa ya mshtuko, simanzi na machozi. Lakini walimu walewale, walipofika kwenye siku ya kuondoka, walibadili msamiati: sasa waliandika habari za watu waliokaza moyo, walioimba, na waliotaniana njia nzima hadi stesheni.

Kwa maoni yangu, kilichobadilika kati ya tangazo na treni si fikra za watu hao kuhusu vita. Siku moja au mbili hazitoshi kumgeuza mkulima aliyeacha ngano yake shambani akawa mpenda vita. Kilichobadilika ni mahali na hadhira. Kilio kilimalizwa nyumbani, usiku wa mwisho, mlango ukiwa umefungwa. Jukwaani mtu hakuwa peke yake na mkewe tena, bali alikuwa na kijiji kizima, meya, bendi, wasichana wenye vikapu vya maua, na wenzake aliocheza nao utotoni ambao nao walikuwa wanamtazama yeye. Aliyelia pale angefungulia vilio vya wote. Wahenga waliosema kifo cha wengi harusi hawakuwa na maana kwamba watu hufurahia kufa. Walikuwa wamekwisha kuona kwamba jambo zito likibebwa na wengi kwa pamoja huja na ngoma yake, na anayeingia katika ngoma hiyo hucheza, hata kama miguu yake haikutaka.

Ujerumani hali iligawanyika zaidi. Mwanahistoria Jeffrey Verhey ameonyesha kwamba ile shangwe maarufu ya Agosti ilikuwa hasa ya katikati ya miji mikubwa, ya wanafunzi na watu wa tabaka la kati, wakati katika mitaa ya wafanyakazi na vijijini watu wengi walikuwa na hofu, na wengine walikimbilia benki kutoa akiba zao na madukani kununua chakula cha kuweka. Wapiga picha, hata hivyo, walikuwa katikati ya miji mikubwa. Hilo peke yake linaeleza mengi kuhusu picha tulizorithi.

Na yale maandishi ya chaki ubavuni mwa mabehewa, ambayo baadhi yenu mmeyauliza, yasipimwe kama kiapo. Wajerumani waliandika kwamba wanakwenda matembezi Paris, Wafaransa wakaandika kwamba wanakwenda Berlin. Huo ni utani wa aina tunayoijua vizuri kutokana na maandishi ya nyuma ya malori na mabasi yetu: anayeandika haelezi moyo wake, analipamba gari.

Anayetaka kujua kilichokuwa chini ya maua aende kwa waliobaki nyumbani. Msanii Käthe Kollwitz wa Berlin alikuwa na mtoto wa kiume, Peter, mwenye umri wa miaka 18, aliyejitolea kwenda vitani na ambaye, kwa kuwa hakuwa ametimiza umri, alihitaji ruhusa ya baba yake. Baba alikataa; mama ndiye aliyemwombea mtoto hadi ruhusa ikatolewa. Mwanzoni mwa Oktoba 1914, siku chache kabla ya kijana kuondoka, mama huyo aliandika katika shajara yake kwamba ilikuwa kana kwamba mtoto anakatwa kitovu kwa mara ya pili: mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya uhai, na mara hii kwa ajili ya mauti. Kabla mwezi huo haujaisha Peter alikuwa amekwisha kuuawa nchini Ubelgiji. Ukimwona kijana kama huyo dirishani mwa behewa, anacheka, usimwite mwongo. Lakini kumbuka kwamba picha haikumwonyesha mama.

SWALI: Kwa nini hawakukataa tu kupanda? Watu mamilioni wakikaa chini, nani atawainua? — Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

JIBU: Wakuu wa jeshi la Ufaransa nao walijiuliza swali hilo, na walitarajia kwamba katika kila watu 100 walioitwa zaidi ya 10 wangekosekana. Waliokosekana hawakufika 2.

Sehemu ya jibu ni imani kwamba nchi yao imevamiwa, na sehemu nyingine ni adhabu. Lakini ipo sehemu ya tatu ambayo naiona ndiyo kubwa kwa suala letu la hali ya moyo, nayo ni ratiba. Mfaransa wa akiba alikuwa na kitabu chake kidogo cha jeshi, kimekaa kabatini miaka kadhaa, na ndani yake mlikuwa na karatasi iliyomwambia kwamba vita vikitangazwa ataripoti siku ya ngapi na atapanda treni stesheni gani. Hakuulizwa kama anataka. Hakuulizwa hata kama ameelewa. Upande wa Ujerumani, katika wiki mbili za kwanza, treni zipatazo 11,000 zilibeba watu zaidi ya milioni 3, pamoja na farasi wapatao 860,000, na juu ya daraja la Hohenzollern mjini Cologne treni moja ya jeshi ilivuka mto Rhine takriban kila baada ya dakika 10, usiku na mchana. Jioni ya tarehe 1 Agosti Kaisari Wilhelm alipopata tumaini la ghafla kwamba Ufaransa ingekaa kando, aliagiza jeshi lote ligeuzwe liende mashariki kupigana na Urusi, na mkuu wake wa majeshi, Helmuth von Moltke, alimjibu kwamba jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa mpango wa safari za treni ulikuwa kazi ya mwaka mzima. Ikiwa Kaisari mwenyewe aliambiwa treni haigeuki, fundi seremala mwenye tikiti ya siku ya tatu angemwambia nani?

Kuna watu walioandika kwamba walipokwisha kupanda walijisikia wepesi, na mimi nawaamini. Uamuzi ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine. Kilichobaki ni kutafuta pa kukaa.

SWALI: Treni ikishaondoka je? Waliendelea kuimba njia nzima? — Mfanyakazi mstaafu wa reli, Kigoma

JIBU: Mzee wangu, wewe unalijua jibu kuliko mimi. Kila aliyewahi kupanda treni ya Reli ya Kati jijini Dar es Salaam anajua kwamba kelele zote za kuagana, mikono madirishani na maagizo yanayorudiwa mara ya kumi, huisha kabla ya Pugu, na kuanzia hapo kila mtu hushughulika na kikapu chake.

Behewa la askari wengi wa Ufaransa halikuwa la abiria. Lilikuwa la mizigo, na ubavuni limeandikwa kwa rangi: watu 40, farasi 8. Maandishi hayo yalikuwapo tangu wakati wa amani, kama maelezo ya kawaida ya uwezo wa behewa, lakini si vigumu kufikiri yalivyosomeka kwa mtu wa arobaini aliyekuwa anasubiri kupanda. Ndani mlikuwa na mabenchi ya mbao au majani makavu sakafuni, na mlango mkubwa wa kusukuma uliachwa wazi kwa ajili ya joto la Agosti, kwa hiyo waliowahi walikaa mlangoni miguu ikining'inia nje, na waliochelewa walikaa gizani. Ili treni zote zifuatane bila kukwamishana, zilitembezwa kwa mwendo mmoja wa polepole, kama kilomita 30 kwa saa. Safari ambayo msafiri wa kawaida angeimaliza kwa siku moja ilichukua mbili au zaidi, na askari hawakuambiwa watashushwa wapi. Walibahatisha kwa kuangalia jua na majina ya stesheni.

Katika kila stesheni walikuwapo wanawake wenye kahawa, chokoleti, sigara na maua, na kila mara nyimbo zilianza upya. Katikati, kati ya stesheni na stesheni, ndipo palipokuwa na ile hali unayoiulizia: karata, usingizi, barua zilizoandikwa kwa penseli magotini, na kimya. Mkulima alitazama mashamba ya wengine yaliyokuwa hayajavunwa na kuhesabu yake. Tusisahau kwamba katika treni hizohizo walikuwamo farasi waliochukuliwa kwa amri, na baadhi ya watu walimtambua farasi wa kijijini kwao.

Baadaye zikaanza kupishana na treni zilizorudi. Tarehe 22 Agosti 1914, kiasi cha wiki tatu tu baada ya kengele kulia, Wafaransa wapatao 27,000 waliuawa katika siku moja, na treni za majeruhi zilizokuwa zinarudi ziliwekwa kwenye njia za pembeni zipishe treni za waliokuwa wanakwenda. Huo ndio ulikuwa mwisho wa maandishi ya chaki.

Lakini kwangu mimi kuondoka kuzito zaidi si kwa Agosti 1914. Mwezi Julai 1915 jeshi la Ufaransa lilianza kutoa likizo, na ndipo mtu alipoanza kuondoka kwa mara ya pili, ya tatu, ya nne, kutoka stesheni ileile ya Gare de l'Est mjini Paris, safari hii akijua hasa anakokwenda. Hapakuwa na bendi. Mke hakuja na maua, alikuja na mfuko wa chakula, na wengine waliombwa na waume zao wasije kabisa. Mjini London stesheni ya Victoria ilikuwa na mandhari hiyohiyo kila asubuhi: treni ya kwenda bandarini imejaa wanaume wanaorudi mstari wa mbele, na wanawake wanaobaki jukwaani baada ya behewa la mwisho kupita, hawaondoki mara moja. Mwaka 1917, baada ya mashambulizi ya Wafaransa huko Chemin des Dames, kaskazini mwa nchi yao, kushindwa, subira hiyo ilikatika kwa upande wa Wafaransa. Katika treni za likizo askari walivunja vioo, waliimba Internationale, wimbo wa wafanyakazi wanamapinduzi, na kupiga kelele za kuilaani vita, na stesheni zikahitaji ulinzi dhidi ya jeshi la nchi yenyewe. Wengi wao bila shaka walikuwa walewale walioimba nyimbo nyingine miaka mitatu kabla, wamekaa kwenye mabenchi yaleyale.

SWALI: Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipanda treni Kisumu hadi Mombasa, akaenda Burma, akarudi. Hakuwahi kusema alijisikiaje. Je, huku kwetu nako walisindikizwa kwa maua? — Msomaji wa Kisumu

JIBU: Pole kwa kimya cha babu, wenzake wengi walikaa nacho vilevile.

Treni na vita vilikutana mapema katika nchi zetu. Mwezi Novemba 1914, Waingereza walipoleta jeshi kutoka India kuiteka Tanga, kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwashusha askari wake kutoka upande wa Kilimanjaro kwa reli ya Moshi hadi Tanga, wakafika kwa wakati, na tarehe 4 wavamizi wakashindwa ingawa walikuwa wengi zaidi. Kwa upande wa pili Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta, kwa ajili ya vita hivyohivyo.

Hata hivyo kuagana kwa huku hakukufanana na kule. Askari weusi wa jeshi la Wajerumani walizoea kuongozana na wake zao na watoto wao katika msafara, kwa hiyo kwa wengi wao yule aliyestahili kulia jukwaani alikuwa yumo safarini, amebeba sufuria. Nao waliokuwa wengi kuliko wote hawakuwa askari, walikuwa wapagazi. Katika Afrika Mashariki ya Waingereza sheria ya 1915 iliruhusu wachukuliwe kwa lazima, na waliopakiwa katika mabehewa walitolewa vijijini kwa nguvu za machifu na polisi. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi wao kwa maradhi na kukosa chakula kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, tumelikalia sokoni kila siku: Kariakoo. Sijaona picha ya mpagazi mwenye ua.

Babu yako ni wa Vita vya Pili vya Dunia, na njia yake inafahamika vizuri. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikwenda Ceylon (sasa Sri Lanka) mwaka 1943, na mwaka 1944 ilipigana Burma katika bonde la Kabaw, katikati ya masika ya huko, kwenye matope na malaria. Wengine walijiunga kwa mshahara, wengine walichukuliwa. Kuhusu alivyojisikia, siwezi kumsemea mzee wa watu. Lakini Keya walikuwa na wimbo wa safari ambao huenda babu aliujua, ambamo mmoja huuliza safari hii ni kwa amri ya nani, na wengine hujibu kwamba ni amri ya bwana kapteni, amri ya Keya. Wimbo huo haumsifu adui wala haumtukani, haulii wala haushangilii. Umetaja tu mwenye amri. Ukiwa bado una ndugu zake walio hai, jaribu kuwaimbia mstari wa kwanza, uone watajibu nini.

SWALI: Naishi Ufaransa, na kila wiki napita Gare de l'Est, ambako kuna mchoro mkubwa wa askari wanaoondoka. Katikati kuna kijana aliyenyoosha mikono, na bunduki yake ina maua. Je, ni yule wa picha yenu? — Msomaji wa Paris

JIBU: Si yeye. Mchoro huo, wenye upana wa kiasi cha mita 12, ni kazi ya Mmarekani Albert Herter, aliyeutoa zawadi mwaka 1926. Mwanawe, Everit, aliuawa nchini Ufaransa mwaka 1918 akiwa katika jeshi la Marekani, na kwa kawaida watu husema kwamba kijana huyo mwenye maua ni yeye. Everit hakuondokea Gare de l'Est mwaka 1914. Baba ndiye aliyempandisha treni hiyo baadaye, kwa brashi, akamfanya acheke. Utakapopita tena, usimwangalie yeye peke yake. Tazama pembeni, katikati ya wasindikizaji, yuko mzee mwenye shada la maua mkononi, ambaye inadhaniwa ni mchoraji mwenyewe. Haangalii treni.